Hesabu Iliyo Juu ya Paa



Mwaka 1947 Waingereza walileta Kongwa, jirani zetu sisi watu wa Mlali, mradi mkubwa wa karanga. Walikusudia kulima zaidi ya ekari milioni tatu, nyingi zake katika Tanganyika. Wataalamu walikuja, matrekta yalikuja, fedha nazo zilikuja. Kilichopungua ni kupima. Mvua na udongo havikuchunguzwa vya kutosha. Jua lilipowaka, udongo ule wa mfinyanzi ulikauka kama tofali, na karanga zikang'ang'ania humo humo. Mwaka 1951 mradi ulivunjwa, ukiwa umekwisha kula kiasi cha pauni milioni 36.

Watu wale walijua hesabu. Lakini hesabu zao zilibaki kwenye makaratasi, hazikugusa ardhi. Je, hizi tunazowafundisha watoto wetu zinagusa ardhi?

Katika mtihani wa Kidato cha Nne wa mwaka 2023, waliofaulu Hisabati walikuwa takriban mmoja katika kila wanne. Wapo wanaosema watoto wetu ni wazito. Mimi sikubali. Mtoto huyo huyo ukimtuma dukani anarudi na chenji kamili. Lakini shuleni anakariri kanuni bila kushika futi wala kamba. Akifika Kidato cha Kwanza, anakuta namba zile zile zimevaa Kiingereza.

Sasa tuchukue darasa moja tu. Paa lake la bati lifunike mita 10 kwa 8, yaani mita za mraba 80. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu yake ni lita 80. Kwa mwaka wa milimita 500, ambao si mgeni kwetu Dodoma, hizo ni lita 40,000. Shule yenye watoto 400 ingepata lita 100 kwa kila mtoto, ukiacha yanayopotea njiani.

Hapo mwalimu aulize: mfereji uinamishwe kiasi gani? Tangi liwe na upana gani? Maji hayo yana uzito wa tani 40. Je, msingi utayabeba? Huo ndio uhandisi, na anayeanza kuujibu ni mtoto wa Darasa la Sita.

Tangu mwaka 2024 mkondo wa amali umeanza kuingia katika shule za sekondari. Ni jambo jema. Lakini samaki mkunje angali mbichi. Kopo lililonyooka na rula vinatosha kupima mvua. Kamba yenye mafundo inatosha kupima uwanja. Kamati za shule haziwezi kusema hivyo navyo vinangoja wafadhili.

Kongwa ilitufundisha kwa gharama kubwa kwamba asiyepima hulipa. Tusiwaachie watoto wetu deni hilo.