Kofia ya Kurushia Glaida

Haya vijana, leo tuongelee kofia. Glaida ni ndege isiyo na injini. Huko Uingereza kijana wa miaka 14 anaruhusiwa kuirusha peke yake. Unakaa chini ya kifuniko kinachopitisha mwanga, jua linakuchoma utosini kwa masaa. Bila kofia utaumwa kichwa, na akili itachoka.

Lakini siyo kapelo! Ule mdomo wake wa mbele unakuficha anga la juu, na glaida zingine zinazunguka hapo hapo, kwenye hewa ile ile ya moto inayopanda. Mnaweza kugongana. Halafu kuna kile kifungo cha utosini: upepo ukiitikisa ndege, kichwa kikagonga kifuniko, kinakuumiza vibaya.

Vaa ya kitambaa laini, ukingo mfupi, bila kifungo. Kabla hujapaa, inua macho: ukiona kofia badala ya anga, ibadilishe.