Dawa ya Matone kwa Presha ya Macho

Leo twataka kusema nanyi habari za ugonjwa uitwao glakoma, ambao watu wengi huuita presha ya macho, na habari za dawa ya matone itumikayo kuuzuia.

Tuanze na jambo mlijualo. Katika Suma, na nchi yote ya Rungwe, mvua ni nyingi, na mwenye nyumba huchimba mfereji ili maji yapate njia. Mfereji ukizibwa na majani ya migomba, maji hujaa uani, na ukuta huanza kulika chini kwa chini. Ndivyo lilivyo jicho. Ndani yake hutengenezwa maji kidogo kidogo, mchana na usiku. Hayo si machozi. Ni maji mengine, nayo yana njia yake ndogo ya kutokea. Njia ile ikiwa nzito, maji husukuma, na msukumo ule huuharibu mshipa wa fahamu uchukuao habari za nuru toka jichoni mpaka ubongoni.

Ubaya wa ugonjwa huu ni ukimya wake. Mara nyingi hauumi, wala jicho halibadiliki rangi. Huanza kula kando kando, nayo katikati huona vema. Mtu hujikwaa penye kigoda, au hamwoni mwenzake ajaye ubavuni, naye husema, “Ni uzee tu.” Tena msiuchanganye na mtoto wa jicho. Mtoto wa jicho hupasuliwa, na mtu huweza kuona tena. Lakini kilichopotea kwa glakoma hakirudi, wala kwa dawa wala kwa kisu.

Nao si ugonjwa wa nchi za mbali. Huko Kongwa, katika Mkoa wa Dodoma, walipimwa watu zaidi ya 3,200 wenye umri wa miaka 40 na zaidi, na habari zake zilichapishwa mwaka 2000. Katika kila watu 100, wapatao 4 walikuwa nao.

Basi matone yafanya nini? Yako ya namna nyingi. Timololi hupunguza maji yatengenezwayo ndani ya jicho. Kwa kawaida hutiwa asubuhi na jioni. Latanoprosti huyafungulia maji njia ya kutoka. Hutiwa mara moja, jioni. Yote hushusha msukumo, lakini hayarudishi nuru iliyokwisha potea. Kazi yake ni kulinda ile iliyobaki.

Hapo ndipo wengi wakosapo. Tuseme yuko mzee mmoja aliyepewa chupa yake. Ametia mwezi mzima, haoni tofauti. Chupa yaisha, nauli ya kwenda mjini ni taabu, naye asema, “Dawa hii haina nguvu,” akaacha. Kumbe kule kutoona tofauti ndiko kufaulu kwenyewe: nuru haikupungua. Akiacha, msukumo hupanda tena, naye hatasikia lo lote mpaka siku atakaposhindwa kuiona njia ya shambani.

Namna ya kuitia ni hii. Nawa mikono. Inua uso, vuta chini ukope wa chini, utie tone moja tu, wala ncha ya chupa isiguse jicho. Kisha fumba jicho, ubonyeze polepole pembe iliyo karibu na pua kwa muda wa dakika moja au mbili, ili dawa isiteremke kooni. Kama una dawa mbili, ngoja dakika tano kabla ya kutia ya pili. Mwenye pumu, au ambaye moyo wake hupiga polepole, amwambie mganga kwanza, kwa kuwa timololi yaweza kumdhuru. Wala usiazime chupa ya jirani.

Tena iko njia nyingine. Katika Hospitali ya KCMC, Moshi, wagonjwa 201 waligawanywa makundi mawili: wengine walipewa timololi, wengine walitibiwa kwa mwanga wa leza. Habari zilizochapishwa mwaka 2021 zilionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja matibabu yalifaulu katika macho 31 kwa kila 100 ya kundi la timololi, na 61 kwa kila 100 ya kundi la leza. Hatusemi hayo ili mtupe chupa zenu. Twasema ili mrudi kupimwa, na kuuliza kama matone yatosha au kama yafaa njia nyingine.

Bassi, aliyetimiza miaka 40, na hasa mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyepata ugonjwa huu, asingoje dalili. Aanze kuuliza katika Hospitali ya Makandana hapo Tukuyu. Na akiambiwa aende Mbeya, aende. Nanyi wanafunzi, mikono ya babu ikitetemeka, mtieni ninyi, na mkumbuke saa yake.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ukuta wa nuru ukianguka haujengwi tena. Tuuzibe ufa, tone kwa tone.