Hadithi Zisizopita Forodhani



Mpondwe, karibu na mji wa Bwera, mizigo itokayo Kasindi upande wa Kongo hukaguliwa, na wasafiri huulizwa hati zao. Lakini iko bidhaa moja isiyosimama mbele ya ofisa wa forodha. Bidhaa hiyo ni hadithi. Katika vibanda vya video vya Uganda, michezo ya kuigiza ya Korea ya Kusini huonyeshwa ikiwa imefasiriwa kwa sauti, mara nyingi kwa Kiganda, na wafasiri wajulikanao kwa jina la VJ. Hivyo kijana wa Kasese, aliyelelewa kwa Lhukonzo, humsikia mfalme wa Korea akinena Kiganda.

Kwa askari wa Uganda jina la Korea si geni. Kwa miaka mingi wakufunzi wa Korea ya Kaskazini walifundisha jeshi na polisi, hadi serikali ilipotangaza, Mei 2016, kuukatiza ushirikiano huo. Korea ipendwayo na vijana leo ni ile ya Kusini, nayo imeingia bila bunduki.

Wako wanaohofia kuwa mila zitapotea, nao hutaka mlango ufungwe. Hao na waitazame Korea yenyewe. Ilitawaliwa na Japan tangu 1910 hadi 1945, na baada ya ukombozi ilizuia filamu na nyimbo za Kijapani. Hata hivyo ziliingia kwa magendo. Mwaka 1998 Rais Kim Dae-jung alianza kuufungua mlango hatua kwa hatua. Wengi waliogopa kumezwa. Hawakumezwa, kwa kuwa serikali na wafanyabiashara walitia fedha katika filamu na muziki wa kwao. Mwaka 2003 mchezo wa Winter Sonata uliingia Japan ukapendwa mno. Mwaka 2020 filamu ya Parasite ilitunukiwa Oscar ya filamu bora.

Fundisho ni wazi. Wakazi wa Mpondwe, waliozika wanafunzi wao Juni 2023, wanajua thamani ya askari mpakani. Adui mwenye silaha huzuiwa kwa silaha. Hadithi haizuiwi kwa kizuizi cha barabarani. Hushindwa na hadithi iliyo bora. Milima ya Rwenzori na mgodi wa shaba wa Kilembe vina hadithi za kutosha. Zapaswa kupewa kamera, fedha na wasimulizi, kwa Lhukonzo na kwa Kiswahili, lugha ya askari wenyewe.

Mwacha mila ni mtumwa. Lakini mila isiyosimuliwa huachwa hata na wenyewe.