MJI WA EDINBURGH, MVUA YAKE NA HATI ZAKE
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa Chama)



Mmetutaka tuseme machache juu ya safari yetu ya Edinburgh, mji mkuu wa Scotland, nasi twashukuru kwa heshima hiyo. Tutaanza na mvua, maana ndiyo iliyotulaki.

Asubuhi ile jua liliwaka, tukaacha makoti nyumbani kwa mwenyeji wetu. Hata hatujamaliza kupanda Royal Mile, njia ya mawe iendayo ngomeni, ukungu mweupe ulitoka baharini ukaifunika ngome pamoja na mwamba wake. Wenyeji huuita haar. Punde ikaja mvua, punde upepo wa kunyang’anya kofia, kisha jua tena, kama kwamba hapakuwa na neno. Katika mji huu ndimo alimosoma Mwalimu Julius Nyerere, akapata shahada yake mwaka 1952. Nasi tuliokuwa tukitetemeka chini ya upenu tulimstaajabia upya.

Hapo kale mabaharia wa bandari ya Leith walitengeneza saa zao kwa kutazama tufe kubwa lishukalo juu ya mnara wa Nelson. Lakini ukungu ukitanda, tufe halionekani. Basi tangu mwaka 1861 hupigwa mzinga ngomeni, saa saba kamili mchana, ila Jumapili na sikukuu chache. Sisi tuliruka kwa hofu. Wenyeji walitazama saa zao tu.

Lakini nyumba iliyotushika zaidi sisi makarani ni Register House, nyumba ya hati. Katika vita vya Cromwell hati za Scotland zilichukuliwa London. Ziliporudishwa mwaka 1660, merikebu moja ilizama kwa tufani pamoja na shehena yake ya hati. Zilizosalia ziliwekwa chini ya jumba la Bunge la zamani, penye unyevu na panya. Hata mwaka 1774 likawekwa jiwe la msingi la nyumba hii, iliyochorwa na Robert Adam: kuta nene, vyumba vya matao, sakafu za mawe, ili moto na unyevu visipate njia. Nje mvua ilinyesha. Ndani karatasi zilikuwa kavu.

Ndugu zetu, hapo tuliona haya. Tulimkumbuka mzee mmoja, tarishi wa miaka mingi, aliyekuja mara nne katika ofisi tuliyokuwamo kuuliza malipo yake ya uzeeni. Jalada lake tulilikuta limeshikamana kama mkate, nusu limeliwa na mchwa. Paa lilivuja, ni kweli. Lakini aliyeliweka sakafuni mwezi wa masika si paa, ni sisi.

Kwa hiyo, Bwana Rais, twaomba Kamati iwaandikie wakubwa kabla ya mvua za mwaka huu, wakatupatie rafu za chuma zenye miguu. Barua tumekwisha kuiandika, tunayo hapa.