Ndoto ya Wataalamu na Wajibu Wetu



Waheshimiwa wazee wetu, ndugu zangu Waislamu, na nyinyi vijana mlio shuleni,

Nashukuru kupewa fursa ya kusema maneno machache juu ya mambo ambayo wataalamu wa sayansi wanatamani kuyavumbua. Wako wanaotamani kuzijua siri za nyota, na wako wanaotamani kuvijua vilindi vya bahari. Mimi sitatoka hapa ufukoni mwa Mweru. Nitasema juu ya malaria, kwani ni nani kati yetu hajapata kumbeba mtoto usiku, mwili unawaka moto, akikimbilia hospitali?

Mwaka 1880, huko Algeria, Alphonse Laveran alikiona kijidudu cha maradhi haya katika damu ya mgonjwa. Mwaka 1897, huko India, Ronald Ross akakiona ndani ya mbu. Adui akajulikana, na njia yake ikajulikana. Lakini hata leo hajashindwa.

Nchelenge yetu ni miongoni mwa wilaya za Zambia zilizozidiwa mno na malaria. Ndiyo sababu watafiti wa Ndola na Macha, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani, wamepita vijijini mwetu wakipima damu na kukamata mbu. Wamekuta kwamba mbu mkuu wa huku ni Anopheles funestus. Huyu huzaa katika maji yasiyokauka yenye majani, kama vinamasi vya kando ya ziwa. Huingia nyumbani na kuuma usiku wa manane, na baadhi ya dawa za kumwua amekwisha kuzizoea. Tena wako watu wazima kwa watoto wenye vijidudu katika damu bila ya homa yoyote. Hao hutembea wazima, na mbu huchukua kwao akawapelekea wengine.

Basi wataalamu wanaota nini? Kwanza, chanjo ikingayo kabisa na kwa muda mrefu. Chanjo mbili zimekwisha kubaliwa na Shirika la Afya Duniani, ya RTS,S mwaka 2021 na ya R21 mwaka 2023, na zote mbili zilijaribiwa Bagamoyo miongoni mwa mahali pengine. Zinapunguza maradhi, lakini haziyazuii yote, na nguvu yake hufifia. Pili, kipimo chepesi cha kufichua vijidudu vichache vilivyojificha. Tatu, kumfanya mbu mwenyewe asiweze kuvibeba.

Msidhani ndoto hizi ni za mbali. Bibi Tu Youyou wa China alisoma kitabu cha tiba kilichoandikwa zaidi ya miaka 1,600 iliyopita, akaongozwa nacho kupata dawa ya artemisinini katika mmea wa jamii ya pakanga. Mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel. Dini yetu yatufundisha kwamba kila ugonjwa una dawa yake. Aliyebaki ni mtafutaji.

Kwa hiyo, ndugu zangu, anapokuja mtafiti mlangoni, tumsikilize, tumwulize, na tukiridhika tumpe tone la damu. Chandarua tukitandaze kitandani, tusikigeuze kuwa wavu wa kuvulia samaki. Na watoto wetu, wa kike na wa kiume, tuwasomeshe hesabu na sayansi pamoja na Qur'ani. Huenda mvumbuzi anayengojewa na ulimwengu amelala leo chini ya chandarua hapa Kashikishi.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum.