Dawa Haiachwi kwa Mkupuo

Juma hili sitazungumzia bei ya korosho wala ubovu wa barabara, ingawa mazungumzo yangu yanaanzia kusini, katika kata ya Naipingo, wilayani Nachingwea. Nitazungumzia jambo ambalo wengi wetu hulifanya kimya kimya, nalo ni kuacha dawa.

Mwaka 2017 nilimzika mama yangu. Miezi ikapita, lakini msiba haukunitoka. Usingizi ulinikimbia, chakula kikakosa ladha, na siku moja nilishindwa kumaliza kusoma taarifa ya habari. Katika hospitali moja ya Dar es Salaam niliambiwa kuwa nina ugonjwa wa sonona. Nikaandikiwa amitriptilini, vidonge vitatu vya miligramu 25 kila usiku. Dawa hiyo si ngeni. Imekuwa ikitumika tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, na hutolewa pia kwa maumivu ya mishipa ya fahamu na kwa kuzuia kipandauso. Kwa kweli ilinisaidia. Lakini hakuna aliyeniambia namna ya kuiacha, wala mimi sikuuliza.

Mwaka 2019 tulikwenda Naipingo kumsomea mama hitima. Vidonge niliviacha mjini makusudi. Nyumba yenye shughuli ina macho mengi, nami sikutaka ndugu wajue mtangazaji wao anameza nini usiku. Tena nilijiona nimekwisha pona.

Siku ya tatu kichefuchefu kilinishika. Jasho likanitoka usiku kucha, na kila nikisinzia naota ndoto za kutisha. Mikono ikatetemeka hata kikombe cha chai kikanishinda. Mjomba akasema, "Mpwa wangu, hii ni malaria." Tukaenda kupima damu, malaria haikuonekana. Wengine wakataja majini. Kijana mmoja wa bodaboda akamnong'oneza mwenzake, nami nikasikia: "Huyu mzee ana arosto."

Kwa wasiolijua neno hilo, arosto ni mateso yanayompata mtumiaji wa heroini anapoikosa. Niliona haya kubwa. Ikawa mimi, mtu mzima niliyekwenda kumwombea mama, nadhaniwa kuwa teja.

Aliyeniokoa ni jirani mmoja, mama wa makamo aliyestaafu uuguzi. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akaniuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza: "Mwanangu, kabla ya kuja huku ulikuwa unameza dawa gani?" Nikamweleza yote. Tukampigia simu daktari, naye akaagiza nirudie dawa yangu. Ililetwa kutoka Nachingwea mjini, na baada ya siku mbili nikatulia.

Ndugu msikilizaji, hiyo haikuwa malaria, haikuwa majini, wala sikuwa teja. Mtu aliyezoea dawa kwa miezi mingi, ubongo wake hujipanga upya kuendana nayo. Ukiiondoa ghafla, ubongo hukosa mahali pa kuegemea mpaka ujipange tena. Hilo si sawa na uraibu, kwa maana mimi sikuwa na uchu wa vidonge; ningekuwa nao nisingeviacha mjini.

Mwaka 2024 jarida la kitabibu la The Lancet Psychiatry lilichapisha uchambuzi wa tafiti 79 zilizohusu watu zaidi ya 21,000. Karibu theluthi moja ya walioacha dawa za sonona walipata usumbufu. Lakini hata miongoni mwa walioacha vidonge bandia visivyo na dawa, wapo waliolalamika. Watafiti wakakadiria kuwa usumbufu unaotokana na dawa yenyewe humpata mtu mmoja kati ya sita au saba. Basi asitishike kila mtu, lakini pia asidharauliwe anayeteseka.

Namna ya kupunguza nayo ina siri yake. Mwaka 2019 wataalamu wawili wa London, Mark Horowitz na David Taylor, walieleza kwamba hatua za mwisho zinapaswa kuwa ndogo kuliko za mwanzo. Fikiria chumvi katika kunde. Ukitoka vijiko vitano kwenda vinne, hakuna mezani atakayeshtuka. Lakini ukitoka kijiko kimoja ukaacha kabisa, hata mtoto atauliza. Dawa hizi nazo ndivyo zilivyo: kipande kidogo cha mwisho kinaweza kuwa na nguvu kubwa kuliko tunavyodhani. Mimi, kwa maelekezo ya daktari, nilitoka vidonge vitatu kwenda viwili, kisha kimoja na nusu, kisha kimoja, na ile nusu ya mwisho nikakaa nayo majuma mengi. Kazi hiyo ilichukua miezi minane. Mwingine itamchukua muda mfupi, mwingine mrefu zaidi. Wala si kila kidonge kinafaa kukatwa, uliza kwanza.

Tena si dawa za sonona peke yake. Anayetumia diazepamu kwa muda mrefu akiiacha ghafla anaweza kupata degedege. Mgonjwa wa kifafa akikatiza fenobabitoni, kifafa kinaweza kumjia mfululizo na kumwua. Aliyetumia predinisoloni kwa majuma mengi akiikata, mwili unaweza kuishiwa nguvu vibaya, kwa kuwa tezi zake zilikuwa zimelala. Na wapo wasiopaswa kuacha kabisa: dawa za kisukari, za shinikizo la damu na za kufubaza virusi vya UKIMWI si za kuachwa kwa sababu umejisikia vizuri. Kujisikia vizuri ndiyo kazi ya dawa.

Ukikusudia kupunguza, mwone aliyekuandikia. Chagua majira yenye utulivu, si wakati wa msiba wala wa mavuno. Punguza dawa moja kwa wakati mmoja, uandike tarehe na unavyojisikia. Usumbufu wa kuacha dawa mara nyingi huanza ndani ya siku chache, tena huja na mambo ya mwili kama kichefuchefu na kizunguzungu. Sonona yenyewe aghalabu hurudi taratibu, kwa majuma. Usizibe pengo la dawa kwa pombe. Ukisafiri, chukua dawa za kutosha na siku za ziada, maana mvua za kusini hazina adabu na gari huweza kukwama. Na yakikujia mawazo ya kujidhuru, usingoje kesho. Mwambie mtu na uende hospitali mara moja.

Juu ya yote, mwambie japo ndugu mmoja. Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Mimi nilificha kidonge, nikafichua aibu kubwa zaidi. Laiti ningalimwambia mjomba siku ile tuliposhuka garini. Nilipomweleza baadaye alicheka, akaniambia, "Mpwa wangu, mimi mwenyewe nina vidonge vya presha chini ya mto, na mkaza mjomba wako hajui."

Siku hiyo hiyo alivitoa akamwonyesha.

Kwaherini hadi juma lijalo.