Makerere ya Jana na Wajibu Wetu wa Leo

Hotuba iliyosomwa na mwanafunzi wa zamani wa Makerere mbele ya mkutano wa Jumuiya





Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha hapa kwa heri, na naishukuru Kamati kwa kunipa heshima ya kusema maneno machache juu ya siku za Chuo Kikuu. Kamati yajua tabia yetu sisi tuliosoma zamani. Wawili wetu wakikutana hawakawii kusema, “Ah, siku zetu!” Kisha huanza kuhesabu yaliyopotea, na vijana hukaa kimya kwa adabu wakingoja tumalize. Leo napenda tuzitie siku hizo katika mizani ya haki, tujue lipi lafaa kulilia na lipi lafaa kuliacha liende zake.

Makerere ilianza mwaka 1922, nayo ilikuwa skuli ndogo ya ufundi yenye wanafunzi 14, waliofundishwa useremala, ujenzi na kazi za mitambo. Mwaka 1949 ikawa Chuo Kikuu chini ya ulezi wa Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 ikaungana na Nairobi na Dar es Salaam kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na mwaka 1970 ikasimama peke yake. Kwa miaka mingi kilima kile kilikuwa kiwanja cha nchi zetu zote. Julius Nyerere alisoma pale kutoka 1943 hata 1945, na vijana wa Tanganyika, Kenya na Unguja walikaa pamoja na wenyeji wa Uganda katika bweni moja na meza moja.

Wazee waliotutangulia walivaa joho jekundu, na kila mmoja alijulikana bweni lake. Mimi niliingia mwaka 1983. Wakati huo majoho yalikuwa adimu, maji yalikatika mara kwa mara, na chumba kilichojengwa kwa mtu mmoja kililaza wawili, pengine watatu. Hata hivyo Serikali ilitulisha, ikatulaza, na ikatupa fedha kidogo za matumizi. Ulipofika mwezi wa Ramadhani, sisi tuliofunga tulijuana kwa majina. Mmoja akikosa kuonekana wakati wa kufuturu, mwenzake alikwenda kumgongea mlango kabla sahani haijapoa.

Hayo ndiyo mema, nami siyakani. Lakini, ndugu zangu, tuulizane: tuliofutari pamoja tulikuwa wangapi? Tulikuwa wachache mno. Sababu mwazijua. Katika siku za ukoloni skuli nyingi zilikuwa mikononi mwa misheni, na wazazi wengi wa Kiislamu waliogopa kwamba mtoto akipelekwa huko atabadilishwa dini na jina. Ilibidi watu wa moyo kama Mwanamfalme Badru Kakungulu wajitahidi kujenga skuli zetu wenyewe ndipo njia ya kwenda juu ipate kufunguka. Na kwa upande wa wanawake mlango ulikuwa mwembamba zaidi. Wasichana wa kwanza walioingia Makerere, mwaka 1945, walikuwa sita tu.

Tena haifai tuseme kwamba zamani palikuwa na raha na amani tupu. Mwaka 1952 wanafunzi waligoma kwa ajili ya chakula, na miongoni mwa waliofukuzwa alikuwemo Abubakar Mayanja, Mwislamu, ambaye baadaye alisoma Cambridge na kuwa Waziri wa Elimu katika Serikali ya Buganda. Mwaka 1972 Mkuu wa Chuo, Frank Kalimuzo, alichukuliwa wala hakuonekana tena. Agosti 1976 askari waliingia katika mabweni na kuwapiga wanafunzi. Mtu akizikumbuka nyimbo na michezo ya bweni peke yake, amesoma ukurasa mmoja akaufunga msahafu wa kumbukumbu zake.

Mabadiliko makubwa yalikuja kuanzia mwaka 1990. Fedha za matumizi zilikatwa, wanafunzi wakaandamana, na Desemba mwaka huo wawili kati yao waliuawa kwa risasi. Mungu awape subira jamaa zao. Mwaka huo huo Chuo kilianza kuwaongezea wasichana alama moja na nusu wakati wa kuchaguliwa, na idadi yao ikapanda. Kutoka mwaka 1992 mlango ulifunguliwa kwa wanaojilipia karo, na madarasa ya jioni yakaanza. Chuo kilichokuwa na wanafunzi elfu chache kikawa na zaidi ya elfu thelathini. Mabweni hayakuweza kuwapokea wote, ndipo hosteli za watu binafsi zikajengwa Wandegeya, Kikoni na Nakulabye. Na huko Mbale, mwaka 1988, Chuo Kikuu cha Kiislamu kilifunguliwa kwa wanafunzi 80, kutokana na azimio la nchi za Kiislamu lililofanywa Lahore mwaka 1974.

Basi twaweza kuona mizani imekaa vipi. Sisi tulikuta meza imetandikwa, lakini mlango ulikuwa mwembamba. Watoto wetu wamekuta mlango mpana, lakini meza hawakuikuta. Je, yupo kati yetu atakayependa mlango ufungwe ili meza irudi? Atamtoa nani? Atamtoa binti wa mwuza ndizi anayesoma jioni? Atamtoa mtoto wa mjane aliyeuza shamba ili apate karo? Sidhani kwamba yupo. Hasara tuliyoipata ni moja, nayo si ile sahani ya maharagwe. Ni kule kujulikana.

Nitatoa mfano. Mwaka jana kijana mmoja wa mtaani kwetu alikuwa amebakiza mitihani ya mwisho tu. Akakosa sehemu ya karo, akaona haya kusema, akafunga mizigo yake usiku na kurudi kijijini. Hakuna aliyemfukuza wala aliyemtendea ubaya. Katika hosteli yake jirani hakulijua jina lake, na mwenye nyumba alipangisha chumba kwa mwingine wiki iyo hiyo. Habari zilitufikia baada ya miezi mitatu. Miaka mitatu ya elimu ilikatika kwa kukosa mtu mmoja wa kugonga mlango na kuuliza, “Mwanangu, mbona huonekani?”

Ndugu zangu, kugonga mlango hakuhitaji amri ya Serikali, na hapa ndipo penye wajibu wetu. Naomba Jumuiya ifikirie mambo matatu.

La kwanza, kila mmoja wetu aliyesoma achukue jina la mwanafunzi mmoja. Ajue yu mwaka wa ngapi, alala wapi, na wazazi wake wako wapi. Amwalike nyumbani mara moja kwa mwezi, na katika Ramadhani amfuturishe. Mama zetu na dada zetu waliosoma wawachukue mabinti, kwa maana wao ndio wajuao taabu ya msichana akaaye peke yake mjini.

La pili, tuweke akiba ndogo kwa ajili ya wakati wa mitihani peke yake. Mwanafunzi aliyepungukiwa akopeshwe kwa siri, pasipo kutangazwa jina lake. Atakapopata kazi alipe, na fedha hizo zimwendee mwenzake anayefuata. Hesabu zisomwe mbele ya mkutano kila mwaka, ili pasiwe na shaka.

La tatu ni lenu, vijana. Msituonee haya. Twajua ya kuwa ninyi mwasoma kwa simu na kompyuta, na mwajua mengi tusiyoyajua. Hata jengo kuu la Makerere, tulilodhani litasimama daima, liliungua Septemba 2020, likajengwa upya. Yaliyo ya mawe hujengwa tena, lakini kijana aliyepotea ni vigumu kumjenga. Njooni mtuambie mapema mambo yakiwa mazito, kabla ya kufunga mizigo.

Wahenga walisema mtu ni watu. Sisi tulifanywa watu na wenzetu wa bwenini, na wengi wao wamekwisha tangulia mbele ya haki. Deni lao hatuwezi tena kuwalipa wao wenyewe. Twaweza kuwalipa wale walioko Kikoni usiku huu, wakisoma kwa taa moja watu wanne. Baada ya sala, Katibu atakaa mlangoni na daftari lenye majina ya wanafunzi. Nawaombeni kila mmoja asitoke hapa ila amechukua jina moja.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, awafungulie watoto wetu milango ya elimu yenye manufaa, na atujaalie tuwe wa kutenda zaidi kuliko kusema. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.